Tembo wa Majani Bustanini: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Dar es Salaam

Picha ninazotumiwa kwenye simu zinafanana. Kuna kichaka cha duranta, ule mmea wa fensi za maua, kilichokatwa mviringo, juu yake kimebaki kichaka kingine kidogo, na ujumbe unasema: "Huyu alikuwa awe twiga." Nyingine ni fremu nzuri ya nondo, imechomelewa na fundi anayejua kazi, lakini majani yamejaa mgongoni tu na miguu imebaki vijiti vitupu. Mwenye bustani ametumia pesa, amemwagilia mwaka mzima, na sasa anauliza kama ang'oe.

Using'oe. Ila ujue kosa liko wapi, maana ni lile lile karibu kila mara: kazi ilianza na mkasi. Mchonga kinyago huchukua gogo akaondoa kisichotakiwa mpaka sura itokee. Mnyama wa majani huendi naye hivyo. Unamjengea mifupa kwanza, unampandia mmea ndani ya mifupa hiyo, kisha unaulazimisha mmea ujae kutoka chini kwenda juu. Mkasi wa kuchonga unakuja mwisho kabisa.

Mwongozo huu ni wa tembo mmoja mwenye kimo cha sm 120 hivi. Nimemchagua tembo kwa sababu miguu yake ni minene, mwili ni mpana, na hata asiponyooka vizuri bado mtoto wa jirani atamtambua. Najua wengi wanamtaka twiga. Twiga ana miguu minne myembamba na shingo ndefu inayoyumba na upepo, kwa hiyo mwache awe mnyama wako wa pili.

Kuhusu muda, jiandae kwa miezi 14 hadi 18. Fremu tengeneza Januari au Februari. Panda masika yakishaanza kunyesha kwa uhakika, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Miguu itajaa kipindi cha kipupwe, mwili utafunga wakati wa vuli, na masika yanayofuata ndipo umbo litasomeka kutoka getini. Anayekuahidi tembo wa miezi mitatu anakuuzia fremu iliyozungushiwa matawi.

## Vifaa vyote, kabla hujagusa jembe

Kwa fremu:

- Nondo 2 za milimita 8. Nondo moja ina mita 12.
- Nondo ya milimita 6, jumla mita 30.
- Wavu wa kuku wa upana wa sm 90, mita 10. Matundu yapitishe vidole viwili.
- Waya wa kufungia nondo, kilo 1.
- Rangi ya kuzuia kutu, na rangi ya mafuta ya kijani iliyokolea.

Kwa upandaji na matunzo:

- Miche 6 ya duranta yenye kimo cha sm 40 hadi 60.
- Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, madebe 5.
- Makumbi ya nazi au nyasi kavu za kutandaza.
- Mkasi mkubwa wa kukatia fensi na mkasi mdogo wa mkono mmoja.
- Plaizi, chepe, futi, chaki, glavu, spiriti, na tyubu kuukuu ya baiskeli.

Naomba usibadilishe wavu. Tembo wangu wa kwanza nilimvalisha wavu wa matundu madogo, ule wa kuanikia, kwa sababu ulikuwa umebaki nyumbani. Machipukizi yalipenya yakiwa membamba, yakanenepa, waya ukayakata shingo. Nusu ya ubavu mmoja ilikauka na sikuwa na namna ya kuuvua wavu bila kuvunja kila kitu. Nilianza upya.

## Kwa nini duranta

Duranta ipo kwenye fensi za maua za mtaa mzima, utaipata karibu kila kitalu cha pembezoni mwa barabara, na bei yake haitishi. La muhimu zaidi ni kwamba ukiikata hata kwenye shina gumu lililokomaa, inachipua tena. Mwanafunzi anahitaji mmea unaosamehe. Inashika pia kwa vipandikizi, jambo litakalokusaidia baadaye.

Ya majani ya njano inapendeza, lakini inataka jua kali. Ikiwa kivulini inageuka kijani, na tembo anakuwa na mabaka. Ya kijani ndiyo salama kwa anayeanza.

Kama nyumba yako iko karibu kabisa na bahari, Kigamboni au Kunduchi, pale ambapo madirisha yanashika chumvi, fikiria mvinje. Mvinje ni mti wa pwani na chumvi haiusumbui. Ila una sharti lake: ukatwe kidogo kidogo ungali mchanga, kwa sababu ukikata mpaka kwenye shina gumu lisilokuwa na majani, mara nyingi hauchipui tena pale.

Fikasi nayo inafunga majani vizuri sana. Mimi siipandi karibu na nyumba. Mizizi yake inatafuta maji, na maji ya karibu kuliko yote ni bomba lako, chemba yako na karo lako la maji taka. Nimeona ukuta uliopasuka kwa fikasi iliyopandwa mita moja na nusu kutoka msingi. Utomvu wake mweupe pia unawasha ngozi.

Tahadhari juu ya duranta yenyewe: vile vitunda vyake vya njano ni sumu. Duranta inayokatwa mara kwa mara haipati nafasi ya kuzaa, lakini ukiona vitunda, vikate siku hiyo hiyo, hasa kama nyumbani kuna watoto wadogo, mbuzi au mbwa. Baadhi ya duranta zina miiba pia. Ipapase kitaluni kabla hujalipa.

Nunua miche yote sita mahali pamoja, na ikiwezekana iliyotokana na mmea mmoja. Ukichanganya, mguu mmoja utakuwa kijani kibichi na mwingine kijani cha maji, na hakuna mbolea itakayoficha hilo. Chagua mche wenye mashina mawili au matatu kutoka chini, siyo ule mrefu wenye shina moja na kishada juu. Geuza kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, uangalie chini: mizizi ikiwa imezunguka kama chapati, uache.

Mbona miche 6 na tembo ana miguu minne? Subiri hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Unahitaji saa sita za jua la moja kwa moja, na jua hilo lifike pande zote. Hapa ndipo kuta zetu ndefu zinapotuponza. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la Dar es Salaam hupita upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Februari hupita kusini. Ukimweka tembo akiegemea ukuta ulio kaskazini yake, kipupwe chote atakaa kivulini, na ubavu wa upande huo utatoka upara.

Mwache mita moja na nusu kutoka ukutani. Unahitaji pia kupita nyuma yake na mkasi, na wengi hukumbuka hilo fremu ikiwa imeshasimikwa.

Simama mahali watu wanapoingilia, getini au barazani, halafu amua ubavu upi utazamwe. Tembo husomeka kwa ubavu. Ukimtazama kwa mbele unaona duara la majani tu.

Chimba kidogo kwa chepe kabla hujaamua. Sehemu nyingi za pwani yetu zina mchanga unaopitisha maji kama chujio, na mabondeni kuna udongo mzito unaotuama maji masika. Mchanga unarekebishika kwa samadi. Mahali maji yanapotuama siku nzima baada ya mvua, hama.

Ukipatia: utakuwa na eneo la mita 2.5 kwa 2, lenye jua asubuhi na alasiri, lisilotuama maji, na hakuna bomba chini.

## Hatua ya 2: Mchore kwa ukubwa wake halisi

Chukua chaki uchore tembo kwenye sakafu ya nje au kwenye ukuta wa uzio, ubavu mzima, vipimo kamili. Karatasi inadanganya. Kwenye karatasi mkonga mwembamba unapendeza. Kwenye bustani unapotea.

Vipimo ninavyotumia: mgongo sm 110 kutoka ardhini, kichwa kipande mpaka sm 120. Mwili kutoka kifuani hadi matakoni sm 130, na upana wa tumbo sm 60. Miguu ina urefu wa sm 45 na unene wa sm 20. Kichwa ni tufe la sm 50. Sikio sm 45 kwa 40. Mkonga una unene wa sm 20 juu, sm 18 chini.

Utaona ni tembo mnene kuliko wa Mikumi, na ndivyo inavyotakiwa. Jani la duranta lina urefu wa sm kadhaa, kwa hiyo chochote chembamba kuliko kiganja chako kitamezwa na majani. Usichore kucha, macho wala mikunjo.

Sasa kuhusu mche wa tano. Mchore mkonga ukishuka mpaka uguse ardhi. Mmea kwa asili yake unapanda juu. Ukilazimisha tawi la kichwani lishuke kufuata mkonga, ncha yake inadhoofika, na vichipukizi vya upande wa juu vinasimama wima kama nywele. Ndiyo maana mikonga mingi ninayoonyeshwa ni mikavu. Mkonga ukigusa ardhi, unapanda mche wake pale pale kwenye ncha, nao unapanda juu kwa furaha mpaka ukutane na kichwa. Kanuni hii itumie kwa mnyama yeyote: kiungo kinachoshuka kipe mche wake kutoka ardhini.

Mche wa sita ni wa akiba. Mpande kwenye ndoo kuukuu yenye matundu, umkate kama wenzake. Mguu mmoja ukifa miezi mitano baada ya kupanda, utakuwa na mbadala wa umri ule ule.

Ukipatia: mtu asiyejua unachofanya akipita atasema "tembo" bila kuuliza.

## Hatua ya 3: Tengeneza fremu

Fremu iwe ndogo kuliko mchoro kwa sm 6 kila upande, kwa sababu majani yatakaa nje ya wavu kwa unene huo. Usipopunguza, mguu wa sm 20 utakuwa wa sm 32 na miguu miwili ya mbele itakaribia kugusana.

Pinda nondo ya milimita 8 iwe kama herufi U iliyogeuzwa: inapanda mguu wa kushoto, inavuka mgongo, inashuka mguu wa kulia. Tengeneza nne, mbili za miguu ya mbele na mbili za nyuma. Kila moja ina urefu wa mita 3.5 hivi, ikiwemo sm 45 za kuingia ardhini kila upande. Pinda ncha za chini kama herufi L ili zishike udongo upepo wa kusi ukivuma.

Unganisha U hizo kwa nondo moja ya mgongo na moja ya tumbo, uzipitishe mpaka kichwani. Mkonga upate nondo mbili za kwake. Nondo ya milimita 6 ndiyo ya mbavu: pete tatu kila mguu, tano mwilini, tatu kichwani, nne mkongani, na duara bapa moja kwa kila sikio.

Ukiwa na fundi wa kuchomelea, achomelee kabla wavu haujavishwa. Wavu wa kuku una zinki, na moshi wa zinki ikichomwa unadhuru mapafu. Usipokuwa na fundi, waya wa kufungia unatosha kwa tembo wa kimo hiki. Zungusha mara nne kila kiungo ukaze kwa plaizi.

Paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke siku moja, kisha paka ya kijani. Usiruke hapa. Hewa yetu ya chumvi inaila nondo tupu haraka, na fremu ikioza ndani ya mmea huwezi kuibadilisha.

Sasa vika wavu mwilini, kichwani na masikioni. Miguuni na mkongani acha upande mmoja wazi kwa ajili ya kupanda. Chini ya tumbo acha mlango wa kupitisha mkono wako mpaka kiwiko. Utauhitaji kutoa majani makavu na viota. Ncha zote za waya zipindwe kuingia ndani. Kimo cha tembo huyu ni kimo cha macho ya mtoto.

Ukipatia: ukimsukuma kwa mikono miwili hayumbi wala hapigi kelele, na ukipitisha kiganja juu ya wavu hakichomwi.

## Hatua ya 4: Simika, kisha panda

Mpangilio ni huo: fremu kwanza, mche baadaye. Ukipanda kwanza, nondo zitapita kwenye mizizi.

Weka fremu mahali pake, tia alama za miguu na ncha ya mkonga, iondoe. Chimba mashimo matano ya sm 40 kwa 40 kwa 40. Kila shimo changanya debe moja la samadi na madebe mawili ya udongo wa juu. Samadi ya kuku ambayo bado inanuka usiitumie, itaunguza mizizi.

Rudisha fremu, pima usawa kwa ndoo ya maji iliyowekwa mgongoni, fukia mpaka nusu na ushindilie kuzunguka nondo. Kwa tembo wa kimo hiki zege halihitajiki. Linakula nafasi ya mizizi bure. Mnyama wa zaidi ya mita mbili ndiye anayehitaji zege.

Panda jioni au siku ya mawingu. Pasua kiriba kwa wembe, usivute shina. Mche uingie katikati ya mguu, udongo ufike pale ulipofika kwenye kiriba, si juu zaidi. Funga wavu. Mwagilia lita 10 kila shimo, hata kama mvua inakuja, ili udongo ushikane na mizizi.

Tandaza makumbi au nyasi kwa unene wa sm 5, ukiacha kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Yakigusa shina, unyevu unaliozesha, na mchwa wanapata njia.

Ukipatia: baada ya siku kumi majani yamesimama asubuhi. Machache ya chini yakidondoka, hiyo ni kawaida.

## Hatua ya 5: Miezi miwili ya kwanza, tulia

Hatua hii ndiyo inayowashinda watu. Usikate kitu. Mche unajenga mizizi, na kila jani unaloondoa ni chakula cha mizizi hiyo.

Mvua ikinyesha, acha. Ikikatika siku tatu, mwagilia lita 5 kila mche. Baada ya masika, lita 10 mara mbili au tatu kwa wiki ni bora kuliko kunyunyiza kila jioni. Maji machache ya kila siku yanaifundisha mizizi kukaa juu, na jua la Januari litaikuta huko huko.

Onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na dalili yake ni ncha za majani kuungua rangi ya kahawia wakati udongo ni mbichi. Kama huna maji mengine, mwagilia chini tu bila kulowesha majani, na masika kinga maji ya paa kwenye pipa lenye kifuniko. Kifuniko ni lazima. Pipa wazi ni shamba la mbu.

Ukipatia: unaona machipukizi mapya yenye rangi ya kung'aa yakitoka sehemu za chini za shina, na si kileleni tu.

## Hatua ya 6: Jaza miguu kabla ya kitu kingine

Mwezi Juni, chukua mkasi mdogo. Kata ncha ya kila shina kwenye kimo cha sm 30, yaani bado ndani ya mguu. Najua mkono utasita, kwa sababu shina limeshafika tumboni na linapendeza. Kata.

Ncha ya shina inatoa amri inayozuia vichipukizi vya chini visiamke. Ukiiondoa, viwili, vitatu au vinne vya pembeni vinaamka kwa pamoja. Vikifika sm 15, kata ncha zake pia. Kila mkato unazidisha matawi, na matawi ndiyo yanayotengeneza ngozi ya tembo.

Picha zile za miguu mikavu zote zinatoka hapa. Mwenye bustani aliacha mashina yakimbilie mgongoni ili mnyama aonekane mapema. Mgongo ukajaa, ukatia kivuli miguuni, miguu ikapoteza majani. Ukishafika huko, kurudi ni kazi ya mwaka.

Kwenye kila mguu chagua mashina mawili yenye nguvu yawe ya kupanda juu. Yafunge kwenye nondo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ukizungusha kama namba 8 ili mpira ukae kati ya shina na chuma. Kila mwezi legeza. Shina linanenepa, mpira haujui.

Ukipatia: ukiutazama mguu kutoka hatua tatu, huoni wavu. Mara nyingi ni kati ya Agosti na Septemba.

## Hatua ya 7: Mwili, kichwa na masikio

Sasa ruhusu yale mashina mawili ya kila mguu yaingie mwilini. Yasambaze kama vidole vya mkono uliofunguliwa: moja lielekee mbele, lingine nyuma, ukifunga kwenye mbavu. Kila yanapotoa tawi la sm 20, kata ncha. Vuli itakusaidia sana hapa, na kipindi hiki ongeza samadi nusu debe kila shimo, au kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya dukani ya NPK 17-17-17 kwenye udongo mbichi, kiganja kimoja mbali na shina. Mbolea ya urea ikizidi inatoa matawi marefu laini yanayolala na kuvutia vidukari.

Masikio yanachukua muda kwa kuwa ni bapa. Elekeza kila sikio tawi moja kutoka mguu wa mbele upande ule ule, lipande wima nyuma ya duara, kisha lisuke mbele na nyuma ya wavu kama unavyosuka ukili. Kata mara nyingi, kidogo kidogo.

Chini ya tumbo patakuwa na majani machache siku zote. Jua halifiki, na mmea haugharamii jani lisilopata jua. Ndiyo sababu tumepaka fremu kijani: wavu utafichika kivulini. Usijaribu kupajaza kwa mbolea.

Ukipatia: kati ya Oktoba na Desemba, matawi yanatokeza nje ya wavu pande zote, na tembo anaonekana ana manyoya. Wengi hudhani ameharibika. Yuko tayari kwa mkasi mkubwa.

## Hatua ya 8: Kata umbo

Kata kijiti cha sm 6. Hicho ndicho kipimo chako: kisimamishe kwenye wavu, na kinachozidi ncha yake kinaondoka. Bila kijiti, jicho linazoea, kila mara unakata ndani kidogo zaidi, na baada ya miezi mitatu wavu uko wazi.

Anza mgongoni ushuke, ili vipande vinavyodondoka visikuzibe pale ulipokwisha kata. Kila baada ya dakika tano rudi nyuma hatua saba utazame. Mahali penye shaka kati ya kichwa na mwili, kata mfereji wa kina cha vidole vitatu nyuma ya sikio. Mfereji huo ndio unaomtenganisha tembo na kichaka.

Futa mkasi kwa spiriti kabla na baada. Kata asubuhi au saa kumi na moja jioni. Mwezi Januari na Februari usikate kamwe mchana: majani ya ndani hayajawahi kuona jua, yanaungua siku hiyo hiyo. Na siku moja usiondoe zaidi ya theluthi ya majani.

Masika utakata kila wiki mbili au tatu, kipupwe kila wiki tano au sita.

Pembe tengeneza kwa bomba jembamba la plastiki lililopashwa moto likapinda, upake nyeupe, ufunge kwenye nondo za kichwa. Mkia ni kipande cha kamba ya katani yenye fundo. Usijaribu kuupanda.

## Mambo yakienda kombo

Wadudu weupe kama pamba kwenye maungio ya matawi. Wasafishe kwa maji ya mpira yenye nguvu, kisha nyunyizia maji ya sabuni laini jioni, siku saba kwa siku saba. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, wafuatilie. Wanawafuga wadudu hawa kwa ajili ya utamu wao, kwa hiyo zuia njia yao kwanza.

Majani ya njano mwili mzima. Choma kidole kwenye udongo mpaka kiishe. Ukiwa umelowa na unanuka, punguza maji. Ukiwa mchanga mkavu, ongeza samadi na matandazo.

Mguu mmoja umekufa. Kata shina usawa wa udongo, chimba kwa mkono, ingiza mche wa akiba. Kisha uache ule wa kwanza ufe wote kabla hujavuta matawi yake yaliyokauka ndani, usije ukavunja ya jirani.

Umesafiri miezi mitatu, umekuta kichaka. Usirudishe umbo siku moja. Kata upande mmoja wa mwili, subiri wiki nne uchipue, kisha kata wa pili.

Kunguru. Wale kunguru wa mjini huvunja vijiti na kuchomoa vipande vya waya vilivyolegea kwa ajili ya viota. Kila mwisho wa mwezi pita na plaizi ukaze.

Matawi utakayokata masika ya pili usiyatupe yote. Chagua yenye unene wa penseli, kata vipande vya sm 15, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, weka kivulini na unyevu. Yakishika, una miche ya rangi moja na tembo wako, na hapo sasa tunaweza kuzungumza habari za twiga.